Kiasi na Shabaha: Historia ya Kushindilia Bunduki katika Katanga na Msamiati Wake

1.0 Utangulizi

Kamusi ya A. C. Madan iliyochapishwa mwaka 1903 na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 zinahifadhi majina ya aina kadhaa za bunduki walizozijua wasemaji wa Kiswahili wa enzi hizo. Ipo bunduki ya mrao, ambayo baruti yake iliwashwa kwa utambi. Ipo gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Ipo korofindo, yaani bunduki ishindiliwayo kutoka mdomoni. Na ipo bunduki ya viasi. Hii ya mwisho ni bunduki itiwayo risasi kwa nyuma, ambayo katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilizipiku nyingine zote. Msomaji wa leo, aliyezoea kuita "risasi" kila kitiwacho ndani ya bunduki, huenda akashangaa kukuta kwamba ganda zima lenye baruti, fataki na risasi liliitwa "kiasi".

Neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina maana ya kipimo, kadiri, au jambo lisilozidi wala kupungua. Ganda liliitwa kiasi kwa sababu baruti iliyokuwamo ilikuwa imekwisha kupimwa. Jina la namna hiyo lingeweza kutolewa tu na watu waliokuwa na mazoea ya kupima baruti kwa mikono yao wenyewe kila walipotaka kupiga bunduki, na ambao kwao ajabu ya silaha mpya haikuwa ukali wa mlio wake, bali kwamba kazi ya kupima ilikuwa imefanywa mbali na mtu mwingine.

Makala haya yanafuata safari ya kipimo hicho katika Katanga, nchi ya shaba ambayo mji wake mkubwa ni Lubumbashi, katika jimbo linaloitwa Haut-Katanga tangu mwaka 2015. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu wingi wa bunduki zilizoingia Afrika ya Kati. Hapa swali ni jingine: nani aliyekuwa na madaraka ya kuamua nguvu ya mlio mmoja? Mwindaji mwenye korofindo aliweza kuongeza au kupunguza baruti kulingana na mnyama, umbali na hali ya bunduki yake. Mwenye bunduki ya viasi alipokea uamuzi wa kiwanda. Katika Katanga, badiliko hilo halikuletwa na ufundi peke yake. Lililetwa pia na sheria, na matokeo yake yanaonekana katika maisha ya watu hadi leo.

2.0 Msamiati wa kushindilia

Kazi ya kutayarisha bunduki ya zamani ina msamiati wake kamili. Baruti humiminwa katika mtutu, ambao pia huitwa kasiba. Juu yake hutiwa kizibo cha nyuzi au gome lililopondwa, kisha hushindiliwa kwa mdeki, ule ufito mrefu unaowekwa chini ya mtutu. Hufuata risasi moja, au marisau, yaani chembe ndogo nyingi, na kizibo kingine. Mwisho, katika bunduki ya jiwe, baruti kidogo hutiwa katika kifa. Katika bunduki iliyofuata, fataki huvikwa juu ya kifa. Yote yaliyoshindiliwa kwa pamoja huitwa mshindilio. Kwa hiyo mshindilio ni kiasi kinachofanyika ndani ya bunduki, na kiasi ni mshindilio uliofanyika nje yake.

Maneno haya yanaonyesha njia yaliyopitia. Baruti, risasi na bunduki ni maneno yaliyokuja kupitia Kiarabu. Risasi kwa asili ni jina la madini yenyewe, na hivyo ndivyo Kiswahili kinavyolitumia hadi leo kando ya maana ya kitu kinachoruka kutoka kwenye mtutu. Bunduki inatokana na neno la Kiarabu lililokuwa na maana ya kokwa na, baadaye, kidonge kilichorushwa kwa upinde. Maneno hayo hayakuishia pwani. Katika Kilingala na katika Kiswahili cha Kongo husikika masasi kwa maana ya risasi nyingi: silabi ya mwanzo ya neno la pwani ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, nalo likapata wingi wake kwa ma-, kama ilivyo desturi ya lugha za Kibantu. Neno lililosafiri pamoja na mzigo lilifika likiwa limekwisha kupata uraia.

Kipimo cha mshindilio kilikuwa mwili wa mwindaji. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati mshindilio ulihesabiwa kwa vidole: mdeki uliposimama juu ya mshindilio, sehemu iliyochomoza nje ya mdomo wa mtutu ilipimwa kwa upana wa vidole. Vidole vichache vilitosha kwa kanga au swala mdogo aliye karibu. Kwa nyati au tembo vidole viliongezwa. Aidha, ulikuwapo mshindilio usio na risasi kabisa. Misafara ya biashara iliyokaribia mji ilipiga bunduki za salamu ili wenyeji wajue kwamba wageni wanakuja kwa amani na kwa heshima. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliingia Ujiji kwa milio ya namna hiyo, na kabla yake Richard Burton alikuwa ameieleza desturi hiyo kwa kinyongo, akiiona kuwa ni kupoteza baruti. Lakini kwa wenyewe ilikuwa ni lugha. Bunduki moja iliweza kusalimu, kuwinda au kuua, na tofauti ilitokana na kilichotiwa ndani yake.

Wasafiri wengi wa Ulaya waliandika kwamba Waafrika walijaza baruti kupita kiasi, na wakaona hiyo kuwa dalili ya ujinga. Ni kweli kwamba mitutu ilipasuka na watu waliumia. Hata hivyo, lawama hiyo inasahau mambo mawili. Kwanza, baruti iliyouzwa Afrika ilikuwa ya daraja la chini, chembe zake zikiwa kubwa na zisizolingana, nayo ilisafiri miezi mingi katika mvua na jasho la wapagazi. Vidole vitatu vya baruti yenye unyevu havikuwa sawa na vidole vitatu vya baruti kavu. Pili, risasi iliyopatikana mara nyingi haikulingana na mtutu, na moshi mwingi wa nguvu ulipenya pembeni. Mwindaji aliyeongeza kidole kimoja huenda alikuwa akisahihisha kosa la muuzaji. Kupima kwa vidole kulidai ujuzi wa baruti iliyopo leo, hali ya hewa ya leo, na mtutu huu mmoja.

3.0 Bunkeya: shaba, pembe na baruti

Jina lenyewe la Wayeke linahusu uwindaji. Linatokana na bayege, chama cha wawindaji wa tembo miongoni mwa Wasumbwa na Wanyamwezi wa magharibi mwa Tanzania ya leo. Kutoka huko alikuja Kalasa, mfanyabiashara wa shaba, na baada yake mwanawe Ngelengwa, aliyejulikana baadaye kwa jina la Msiri. Huyu alikaa Katanga kuanzia miaka ya 1850. Masimulizi ya Wayeke yanaeleza kwamba bunduki chache za watu wake zilimsaidia chifu wa Wasanga kuwarudisha nyuma Waluba waliokuja kuteka, na kwamba heshima iliyopatikana hapo ndiyo iliyofungua njia ya utawala. Kufikia miaka ya 1880 mji wake wa Bunkeya ulikuwa kitovu cha dola ya Garenganze, na wafanyabiashara wa pwani zote mbili za Afrika walikutana hapo.

Kutoka mashariki walikuja Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi. Kutoka magharibi walikuja Waovimbundu, waliounganisha Bunkeya na Bihe na bandari ya Benguela. Pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa vilitoka. Nguo, shanga, bunduki na baruti viliingia. Ukubwa wa biashara ya upande wa mashariki unaweza kukisiwa kutokana na kauli ya balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, ambaye mwaka 1888 alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilipitia huko kila mwaka kwenda bara. Nyingi zilikuwa bunduki za bei nafuu, zilizotengenezwa au kurekebishwa katika miji kama Liège nchini Ubelgiji na Birmingham nchini Uingereza.

Hata kabla ya wakati huo, nguvu ya mlio ilikuwa imekwisha kuingia katika majina ya watu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyemshinda chifu Nsama wa Itabwa mwaka 1867, alieleza katika habari za maisha yake kwamba jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Watu waliolitoa jina hilo walisikia mfululizo wa milio kuliko walivyoona ustadi wa shabaha. Ndivyo ilivyokuwa bunduki ya mtutu laini katika vita: nje ya umbali wa hatua chache, risasi ya mviringo haikuwa na uhakika, na wengi waliopigiwa walikimbia kwa sababu ya moshi na kishindo.

Mashaka ya dola ya Bunkeya yalikuwa humo humo. Shaba ilikuwa yake. Mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba kwa karne nyingi kabla ya Wayeke, wakaimimina katika umbo la misalaba. Wayeke nao walijulikana kwa ufundi wa kuvuta nyaya za shaba. Hata risasi za bunduki zilifanywa kwa shaba pale risasi halisi ilipokosekana. Ilikuwa badala isiyo kamili. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, ya shaba ina gramu 8.9 tu, na ya chuma kama gramu 7.9. Kidonge cha shaba kilitoka mtutuni kwa kasi lakini kilipoteza kasi hiyo upesi, na kwa ugumu wake hakikukaa vyema mtutuni kama risasi iliyo laini. Pamoja na hayo kiliua. Baruti ndiyo iliyokosa badala ya kutosheleza. Ilitoka pwani, na mwenye kuifunga njia alishika roho ya dola.

Ndiyo maana miaka ya mwisho ya Msiri ilikuwa miaka ya kutafuta baruti huku Wasanga wakiasi na njia zikisumbuliwa. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwezi wa Februari 1886; Alfred Sharpe alikuja mwaka 1890 akitaka mkataba kwa niaba ya Waingereza, akakataliwa; Paul Le Marinel alikuja mwaka 1891 kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo ulifika msafara wa Kapteni William Stairs, ulioanzia Zanzibar na pwani ya Mrima na ambao wapagazi na askari wake walizungumza Kiswahili. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri kwa bastola akamwua, naye Bodson akapigwa risasi na mtu wa Msiri, akafa. Mlio mmoja wa bunduki ya Wayeke ulitosha kumwua afisa mmoja. Haukutosha kuiokoa dola. Wenye bunduki za viasi waliweza kupiga mara kadhaa kabla mwenye korofindo hajamaliza kushindilia mara moja.

Hata hivyo korofindo halikuwa silaha ya dhihaka. Mwezi wa Novemba 1897 Clément Brasseur, afisa wa Dola Huru, aliuawa alipolishambulia boma la Chiwala, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyekuwa karibu na mto Luapula. Nyuma ya boma, kwa umbali mfupi na kwa mshindilio uliotayarishwa kwa utulivu, bunduki ya zamani ilirudisha thamani yake.

4.0 Kipimo kinatiwa sheriani

Tarehe 2 Julai 1890 madola yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa. Sehemu yake mojawapo ilihusu silaha. Katika eneo lote la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, mkataba ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki, hasa zile zenye mifuo ndani ya mtutu na zile zilizoboreshwa, pamoja na baruti, risasi na viasi vyake, isipokuwa kwa ruhusa na usimamizi wa serikali. Gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara zilitengwa: hizo ziliweza kutolewa katika maghala kwa masharti, nje ya maeneo yaliyosumbuliwa na biashara ya watumwa. Katanga nzima ilikuwa ndani ya mipaka hiyo.

Kusudi lililotangazwa lilikuwa jema, na hakuna mwenye kufahamu maovu ya misafara ya watumwa atakayelibeza. Lakini mkataba uliweka pia mpaka mwingine, uliodumu kuliko biashara ya watumwa yenyewe: mpaka kati ya mtu wa kiasi na mtu wa mshindilio. Tangu hapo bunduki ya viasi ikawa alama ya dola na ya Mzungu. Mwafrika aliruhusiwa, alipopata kibali, bunduki ambayo ufundi wake ulikuwa nyuma kwa miaka hamsini au zaidi.

Tarehe za jirani zinafafanua jambo hili. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu takriban mara tatu ya ile nyeusi. Mwaka 1889 kiwanda cha Fabrique Nationale kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, ili kutengeneza bunduki za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Mwaka huo wa 1884, huko Connecticut, Marekani, John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal, iliyouza koleo, kalibu na vipimio vya kumwezesha mtu wa kawaida kujaza upya maganda yake nyumbani. Mkulima wa Marekani aliyenunua vifaa hivyo aliweza kutengeneza kiasi kikali kwa kulungu, au kiasi kidogo, chenye mlio mpole na msukumo hafifu begani, kwa ajili ya mazoezi ya shabaha. Kwa hiyo ujuzi ule ule wa kupunguza na kuongeza, ambao mwindaji wa Katanga alikuwa nao kwa vidole, uliendelezwa upande mmoja wa dunia ukawa burudani na elimu. Upande mwingine ukafungiwa katika silaha ya zamani.

Wapo Waafrika waliojaribu kuvuka mpaka huo. Samori Toure, katika Afrika ya Magharibi, alikuwa na wahunzi walioiga bunduki za kisasa na kujaza upya maganda. Katika Omdurman, Sudan, karakana za Khalifa Abdallahi zilijaza tena maganda ya bunduki za Remington zilizotekwa kwa Wamisri. Baruti yao ilikuwa dhaifu, hivyo viasi vyao vilikuwa na nguvu pungufu, si kwa hiari bali kwa uhaba. Katika Uhabeshi, ambako dola ilibaki huru, viasi vilizagaa hata vikatumika sokoni kama fedha ndogo ndogo. Katika Kongo hali ilikuwa tofauti. Askari walioasi Luluabourg mwaka 1895, ambao baadhi yao walipigana kwa miaka mingi katika nchi za Waluba, walikuwa na bunduki za viasi za Dola Huru. Lakini kila risasi waliyoipiga ilitoka, kwa njia moja au nyingine, katika ghala la dola waliyoiasi. Aliye na korofindo alihitaji baruti tu. Aliye na bunduki ya viasi alimhitaji mtengenezaji.

5.0 Nguvu si shabaha

Je, kuna kilichopotea pale mwindaji alipoacha kupima? Maisha ya wawindaji wawili wa tembo yanatoa jibu lenye pande mbili.

Frederick Selous alianza kuwinda kusini mwa Zambezi katika miaka ya 1870 kwa bunduki kubwa mbili za kushindilia, za bei nafuu, zisizo na mifuo. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 anaeleza kwamba baruti aliibeba ikiwa huru katika mfuko wa ngozi na kuichota kwa kiganja, kama gramu 35 hivi kwa mlio mmoja, akatia juu yake kidonge cha risasi cha gramu 113. Tembo walianguka, lakini bunduki hizo zilimpiga begani kwa ukali kiasi kwamba ziliharibu ushupavu wake wa neva, na yeye mwenyewe alikiri kwamba shabaha yake ilidhurika na kwamba alijuta kuzitumia. Mwenye kuogopa bunduki yake hufumba jicho kabla haijalia. Selous alikufa vitani Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917.

Mwingine ni W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda na, kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne ya 20, katika eneo la Lado lililokuwa chini ya Leopold II hadi kifo cha mfalme huyo mwezi wa Desemba 1909. Wakati wenzake walibeba bunduki nzito, Bell alipendelea bunduki nyepesi ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 tu. Alipasua vichwa vya tembo ili kujua ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazamia, kisha akajizoeza kuupiga. Bunduki isiyomtisha wala kumsukuma ilimwezesha kuweka risasi mahali alipopataka. Kwa namna hiyo aliua tembo zaidi ya elfu moja.

Tofauti kati ya gramu 113 na gramu 11 ni funzo kuhusu shabaha. Nguvu inayozidi uwezo wa bega hugeuka kuwa udhaifu wa jicho. Walijua hayo pia wale waliopunguza kidole kimoja cha baruti kwa mnyama aliye karibu: msukumo ulipungua, mkono ulitulia, baruti iliokolewa, na nyama haikuharibiwa. Lakini habari ya Bell ina upande wake wa kutisha. Kiasi kidogo kilichopigwa kwa ustadi kiliangamiza tembo wengi kuliko kishindo cha Selous. Upole wa bunduki si huruma kwa mnyama. Aliyekuwa na bunduki hiyo, zaidi ya hayo, alikuwa na haki ya kuibeba. Wafuasi wake Waafrika, waliosoma nyayo na kubeba pembe, hawakuwa nayo.

Inafaa kuongeza jambo moja la ufundi. Baruti nyeusi humstahimili mpimaji: ikipunguzwa, mlio hupungua kwa utaratibu unaoweza kutabirika. Baruti isiyo na moshi haina subira hiyo. Ikizidi kidogo, shinikizo hupanda ghafla. Na katika ganda kubwa lililojazwa kidogo mno, huenda isiwake kwa namna inayotarajiwa. Kupunguza kiasi katika bunduki ya kisasa kukawa elimu ya mizani, majedwali na maabara. Vidole havikutosha tena. Kwa hiyo hata bila mkataba wa Brussels, kipimo kilikuwa njiani kuuhama mkono. Sheria ilichofanya ni kuamua nani asifuatane nacho.

6.0 Katanga ya machimbo

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini iliufikia. Neno baruti likapata kazi mpya: likawa jina la kilipukacho katika miamba ya machimbo. Kijana ambaye babu yake alipima baruti kwa vidole aliajiriwa kutoboa mashimo ambamo baruti ya kampuni ilitiwa kwa kipimo cha mhandisi. Shaba ile ile iliyowahi kuwa risasi ya Wayeke ilipelekwa ng'ambo, na kati ya mwaka 1971 na 1997 neno lenyewe la Kiswahili, Shaba, lilikuwa jina rasmi la jimbo zima.

Vijijini, korofindo liliendelea kuishi. Serikali ya kikoloni ilitofautisha bunduki ya fataki, ambayo mwanakijiji aliweza kuimiliki kwa kibali, na bunduki zilizoboreshwa. Giacomo Macola, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu bunduki katika Afrika ya Kati, ameonyesha kwamba katika baadhi ya jamii, kama ile ya Wakaonde wa mpakani mwa Zambia na Katanga, bunduki ilikuwa zaidi ya chombo: iliingia katika mahari, katika malipo na katika heshima ya mwanamume. Wahunzi walirekebisha zilizochakaa, na baadaye wakatengeneza mpya kwa mabomba na vyuma vya usukani wa magari. Bunduki hizi hujulikana Kongo kwa jina la pupu. Msomaji wa kamusi za zamani atakumbuka kwamba popoo lilikuwa neno la pwani kwa kidonge cha risasi, na atavutwa kuyaunganisha maneno haya mawili. Lakini ufanano wa sauti si ushahidi, hasa kwa jina ambalo linaweza pia kuwa mwigo wa mlio.

Pupu lina sura mbili. Ni silaha ya mwindaji maskini, na pia ni silaha iliyopunguza wanyama pembezoni mwa Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Katika vita vilivyoanza mwaka 1998 ilionekana mikononi mwa vijana wa Mai-Mai wa Katanga ya kaskazini, kando ya bunduki za kisasa za wenzao. Mtutu uliotengenezwa kwa bomba ambalo halikukusudiwa kubeba shinikizo la baruti hauna msamaha kwa anayekosea kipimo. Hapo ujuzi wa vidole si urithi wa kupendeza tu. Kupotea kwake kumegharimu vidole vyenyewe, na macho.

7.0 Hitimisho

Neno kiasi limebaki na maana zake za kila siku. Mtu wa kiasi ni mtu asiyepita mpaka, na tafsiri ya Biblia ya Union Version inalitumia neno hilo kwa fadhila ya kujizuia katika orodha ya matunda ya Roho. Maana ya ganda la bunduki imesahauliwa na wengi, ingawa kamusi za zamani zimeihifadhi. Kusahauliwa huko kunaeleweka. Mara kipimo kilipokuwa cha kiwanda, aliyepiga bunduki hakuwa na sababu tena ya kukitaja. Alitaja kilichoruka tu, yaani risasi.

Historia ya Katanga inaonyesha kwamba badiliko hilo la msamiati linalingana na badiliko la madaraka. Msiri alikuwa na shaba na watu, lakini kipimo cha baruti yake kilitegemea njia za wengine. Mkataba wa mwaka 1890 uliwapa wachache kiasi, ukawaachia wengi mshindilio. Selous na Bell, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kwamba nguvu peke yake haileti shabaha. Wanakijiji wa Katanga, walioachiwa silaha ya zamani, walilazimika kuuhifadhi ujuzi wa kupunguza na kuongeza, na walioukosa waliulipia kwa miili yao.

Msamiati wa ujuzi huo, yaani majina ya vipimo, ya vizibo, ya sehemu za pupu na ya makosa ya kushindilia, ungali ukisemwa na wahunzi na wawindaji wazee kuanzia Bunkeya hadi Mitwaba, katika Kiswahili, Kiyeke, Kisanga na Kiluba. Ni msamiati wa mdomo, na umri wa wasemaji wake hauruhusu kuchelewa. Wanafunzi wa isimu na wa historia wa Lubumbashi wako karibu na chemchemi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.